Sina Swali, Nina Mchango: Mwongozo wa Kuonekana na Akili

Watu hubishana hadi usiku nani ana akili zaidi, anayeuliza au anayejibu. Wangekumbuka vitendawili, wangelala mapema. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mkishindwa, mtegaji anadai mji. Mnampa Tanga, anaukataa. Mnampa Mombasa, anaukubali, anautembelea kwa maneno, anarudi, ndipo anawaambia kuwa ni yai. Muulizaji amelipwa mji mzima kwa kuuliza jambo alilolijua tangu asubuhi, na aliyelipa ni yule aliyekiri kwamba hajui. Sheria hiyo ingali inatumika. Siku hizi tu mji umegeuka kuwa cheo na makofi.

Tuanze na kuuliza, maana ndiko kwenye faida ya haraka. Kanuni mama ni hii: usiulize usilolijua. Anayeuliza asilolijua hutambulika mara moja, kwa sababu swali lake ni fupi. "Hiyo pesa imetoka wapi?" Maneno manne, na ukumbi mzima umeshajua kwamba bwana huyu hana taarifa. Swali la mwerevu halipungui dakika sita. Subiri mtoa mada amalize na mwenyekiti atangaze kwamba tunabanwa na muda, kisha nyoosha mkono. Kipaza sauti kikikufikia, kigonge kwa kidole, sema "itifaki imezingatiwa," halafu itaje itifaki yote, mmoja baada ya mwingine. Mpongeze mtoa mada kwa namna ambayo kila mtu ataelewa kuwa wewe ungewasilisha vizuri zaidi. Jitambulishe mara mbili, ya pili ukitaja chuo. Sema, "Mimi sina swali, nina mchango," kisha toa mada yako mwenyewe, ile waliyokunyima nafasi. Ukiona watu wameanza kutazama upande wa chai, malizia: "Sasa sijui mtoa mada analionaje hilo?" Sauti ipande mwishoni. Kisarufi umeuliza, na hakuna mwenyekiti wa kukushitaki.

Ila kuwe na kiasi. Socrates aliwauliza watu wa Athens maswali kila kukicha, na mwaka 399 KK wakamhukumu kunywa sumu. Hakuwa na mwenyekiti wa kumkatisha.

Kujibu ni kazi ya watu waliokomaa, na huhitaji msamiati zaidi kuliko maarifa. Anza na "nashukuru kwa swali zuri sana," hata kama umetukanwa. Ukibanwa, sema suala hilo ni mtambuka. Ukibanwa zaidi, sema mtalizungumza nje ya kikao, kisha mkitoka nje ya kikao uwe umeshaondoka.

Anayetaka kubobea asikilize kipindi cha maswali Bungeni, Dodoma. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi na jibu huja limeshaandikwa, kwa hiyo kusoma si kipimo. Kipimo ni maswali ya nyongeza. Mbunge anauliza daraja litajengwa lini. Yeye anajua daraja halipo, kwani ameupita mto huo gari likisukumwa. Waziri naye anajua kwamba mbunge anajua. Lakini wapigakura wako redioni, hivyo kitendawili lazima kitegwe. Waziri aliyeiva hahitaji kujua ni mto gani. Anasema upembuzi yakinifu unaendelea, ujenzi utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana, na kwamba yuko tayari, mara baada ya Bunge, kuongozana na Mheshimiwa kwenda kuliona eneo. Sentensi hiyo ya mwisho naiheshimu kwa dhati. Mtu ameulizwa tarehe, akajibu kwa kualika watu safari, na aliyeuliza akashukuru.

Msidhani vipaji hivi huanguka kutoka mbinguni. Tulifundishwa tukiwa wadogo. "Mmeelewa?" "Ndiyooo, mwalimu!" "Nani ana swali?" Kimya. Darasa limefaulu.

Iwapo huna swali wala huna jibu, mfuate Pierre de Fermat. Huyu alikuwa mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliyefanya hisabati kama burudani. Yapata mwaka 1637 aliandika pembeni mwa kitabu chake kwamba amegundua uthibitisho wa ajabu wa jambo fulani kuhusu namba, ila nafasi ya pambizo haitoshi kuuandika. Basi. Akafa na sifa zake. Wenzake walikesha zaidi ya miaka 350 hadi Mwingereza Andrew Wiles alipouchapisha uthibitisho kamili mwaka 1995, kwa kurasa zaidi ya mia, na kwa hisabati ambayo enzi za Fermat haikuwapo. Wanahisabati wengi wanaamini Fermat hakuwa na kitu. Kikaoni unaweza kuitumia mbinu hiyo hiyo: "Jibu ninalo, ila muda hauturuhusu."

Kuna watu wawili wa kuepukwa, maana wakikaa karibu nawe kazi yote hii inaharibika. Wa kwanza ni bibi aliye kwenye dirisha la dawa, anayeuliza, "Mwanangu, hii nimeze kabla ya kula au baada?" Ameambiwa moja mara tatu, foleni nyuma yake inaguna, kijana mmoja amecheka, naye bado amesimama pale akisubiri kuambiwa. Hakupongeza mtu wala hakutaja itifaki. Wa pili ni mhudumu anayemjibu, "Sijui, bibi. Ngoja nimuulize daktari," akatoka kwenye kiti chake mbele ya watu wote na kwenda kuuliza. Hakuna aliyewapigia makofi. Bibi anaondoka akiwa anajua, mhudumu anabaki akiwa anajua, na waliokuwa kwenye foleni nao wamejua bila kulipa mji wowote. Watu wa namna hii wakizidi, warsha zitakwisha saa nne asubuhi.

Hata wakubwa huponzwa na tabia hiyo. Mwaka 1904 Mfaransa Henri Poincaré aliuliza swali kuhusu tufe ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake, akaliacha hivyo hivyo hadharani bila aibu. Mrusi Grigori Perelman alilijibu kwa makala alizoweka kwenye intaneti mwaka 2002 na 2003. Mwaka 2006 alipewa nishani ya Fields, akaikataa. Mwaka 2010 taasisi ya Clay ya Marekani ikamtunuku dola 1,000,000 kwa jibu hilo, nazo akazikataa. Ndugu msomaji, ukiitwa kujibu swali la aina hiyo, saini kwanza karatasi ya posho.