Koroga Vizuri, Mayu

Meza ya wajomba ndiyo iliyowaka kwanza. Wenye huruma watasema uliowaka ni mshumaa tu, si meza, lakini moto ukishasimama kimo cha chupa ya soda mbele ya mzee aliyevaa suti ya kuazima, tofauti hiyo haimhusu mtu. Mjomba mkubwa alikuwa ameshika bahasha yake, anangoja MC amtaje. Akaamua kuwa shujaa: akaumwagia soda. Sasa, nta inayowaka ina joto kupita maji yanayochemka. Chochote chenye maji kikiigusa hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha pande zote. Iliruka hadi kwenye keki. MC, Mungu amlipe anachostahili, akasema kwenye kipaza sauti, "Wapendwa, sendofu yetu imepamba moto! Na mapambo ni kwa hisani ya mayu yule pale mlangoni." Ukumbi mzima ukamgeukia huyo mayu, yaani mama, ambaye ni mimi.

Nilikuwa nimeshika kadi za biashara.

Hayo ni ya Jumamosi. Leo nimepita sokoni Katoro, muuza nyanya ameniita Zimamoto. Katoro na Buseresere zimeshikana, mgeni hajui wapi Wilaya ya Geita inaishia na ya Chato inaanzia. Habari haijui hata kidogo.

Lakini moto si kitu. Kilichoniua ni harufu. Mishumaa iliagizwa kwangu, ya vanila, mmoja kila meza, ili bibi harusi akiingia ukumbi unukie. Bibi harusi aliingia, ukumbi ukanukia pilau. Mama yake alinijia mara ya kwanza akitabasamu: "Mayu, hii ndiyo ya vanila?" Nikamwambia asubiri ipate moto. Akaja tena bila tabasamu, ameubeba mshumaa wenyewe, akanisogezea puani. Nikanusa. Ulinuka utambi. Nikamwambia vanila ya kweli haina kelele. Akarudi kukaa, na saa nne usiku, mishumaa ilipokaribia kitako, vanila ya jioni nzima ikatoka kwa mkupuo, ikiwa imeshika moto. Baada ya wajomba wakafuata wanakwaya. Watu walikohoa mpaka DJ akapunguza muziki. Mweka hazina wa kamati ameniandikia ujumbe usio na salamu.

Jumapili mwalimu wa kemia anayepanga nyumba ya jirani alikuja kunipa pole. Akaona mshumaa mmoja haujawashwa, pole ikaishia hapo. Aliupasua kwa kisu cha jikoni kuanzia juu hadi chini. Juu nta ilikuwa nyeupe, kavu, hainuki chochote. Chini kabisa, unene wa kidole, ilikuwa ya manjano na inateleza. Alipoigusa, vidole vyake vilinukia vanila mpaka alipoondoka.

"Mafuta ya harufu uliyatia nta ikiwa na joto gani?"

"La kawaida."

"La kawaida ndilo nyuzi ngapi?"

Hapo ndipo nilipoingia katika elimu ambayo sijatoka hadi sasa. Parafini ya mishumaa huyeyuka kwenye nyuzi 50 hadi 65 hivi, kutegemea aina; nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64. Inapopoa hujijenga kuwa fuwele ndogo ndogo. Mafuta ya harufu yakiwa yameshaenea kabla fuwele hazijaanza, hunaswa katikati yake na kutulia humo. Yakitiwa wakati nta imeanza kuweka utando pembeni mwa sufuria, yamechelewa, milango imefungwa. Yanabaki matone. Na kwa kuwa mengi ya mafuta hayo ni mazito kuliko nta, yanashuka chini kungoja moto uyafikie mbele ya wajomba. Mengine hupanda juu, mshumaa ukaonekana unatoka jasho.

Kwa hiyo nta hupashwa kwanza hadi karibu nyuzi 80, mafuta yakatiwa, ikakorogwa taratibu kama dakika mbili, mwiko ukifika chini na kuzunguka pembeni. Ukikoroga kwa hasira unaingiza hewa, mshumaa unatoka na mashimo. Ukizidisha moto, harufu nyepesi kama za ndimu na chungwa zinakuwa za kwanza kuaga. Na kiasi nacho kina mpaka: aghalabu asilimia 6 hadi 10 ya uzito wa nta, yaani gramu 60 hadi 100 kwa kilo. Zaidi ya hapo nta haibebi tena.

Mwalimu alipoona nimekaza macho akanogewa. Akanihadithia kwamba mwishoni mwa mwaka 1860 mwanasayansi Michael Faraday alianza kuwapa vijana wa London mihadhara sita, yote juu ya mshumaa. Kinachowaka si nta ngumu, wala si ile iliyoyeyuka: joto huyeyusha, utambi huvuta, na mvuke wake ndio unaowaka. Zima mshumaa, kisha sogeza kiberiti kwenye ule moshi mweupe kabla haujatawanyika. Moto unaurukia moshi na kurudi kwenye utambi bila kuguswa. Tulifanya mchezo huo mpaka kiberiti kikaisha, na kwa muda nikamsahau mjomba. Harufu unayoisikia chumbani kwa sehemu kubwa inatoka kwenye kidimbwi cha nta ya moto kinachouzunguka utambi. Kidimbwi hakina mafuta, hakuna harufu. Kidimbwi ni mafuta matupu, unaijua habari.

Huku kwetu kwenye machimbo ya dhahabu elimu hii ilitakiwa iwe rahisi. Mtazame mtu mwaloni, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa, anapochanganya zebaki na mchanga kwenye beseni: anazungusha, anakanda, hana haraka na mtu, maana punje ya dhahabu ambayo zebaki haijaigusa inakwenda na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na wanunuzi wa marudio hawachoki kushukuru. (Zebaki ni sumu, naisifu subira, siisifu zebaki.) Hakuna mwenye duara la kuchimbia anayemwambia kijana wake "changanya vizuri" halafu akaenda zake kunywa chai. Anasimama pale pale.

Mimi niliambiwa "koroga vizuri, mama" na mtu aliyekuja na gari, akaondoka na gari. Semina ya ujasiriamali ya siku moja: asubuhi sabuni ya maji, mchana batiki, mishumaa ikabanwa kati ya chakula na mgeni rasmi. Tulilipa ada. Kipimajoto hakikuwepo. Mizani haikuwepo, pafyumu ilipimwa kwa kizibo. Nilinyoosha mkono nikauliza mafuta yanatiwa lini, akajibu, "Subiri nta ipoe kidogo, harufu isije ikapotea." Nimefuata neno kwa neno. Ipoe kidogo, nikangoja ikapoa kidogo. Koroga vizuri, nikakoroga mpaka bega likauma. Cheti ninacho, kina picha ya mwenge.

Na hapa sicheki. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mwanamke anakopa kwa dhamana ya wenzake, ananunua nta na mafuta kwa pesa atakayotakiwa kuirejesha, anafundishwa nusu ya kazi, na ile nusu nyingine anakuja kuigundua mbele ya wajomba wa watu. Chupa ya mafuta niliyonunua ina picha ya ua na neno "Vanilla". Basi. Haisemi ni ya mshumaa au ya sabuni, haisemi gramu ngapi kwa kilo, haisemi yanashika moto kwenye joto gani. Dawa ya mbuzi ina maelezo zaidi.

Mengine yaliyonipata katika biashara hii ni madogo. Nilimwaga mabaki ya nta kwenye sinki, mwenye nyumba akapandisha kodi. Niliwasha mshumaa wa udi usiku kuujaribu, kesho yake mchimbaji akabisha hodi kuuliza natoza kiasi gani kusafisha nyota. (Nilishawishika.)

Kipimajoto nimeagiza Mwanza, nacho kimefika. Sufuria iliyofuata tuliisimamia na mwalimu, nyuzi 80, dakika mbili kwa saa yake, na mshumaa wake alipoupasua ulinukia sawasawa juu hadi chini.

Ninyi mnaouza mafuta ya harufu, ongezeni mistari mitatu kwenye chupa: kiasi kwa kilo, joto la kutilia, joto la kushika moto. Na wewe mkufunzi, ukirudi Buseresere na semina nyingine, njoo na kipimajoto na mizani. Nitakaa kiti cha mbele, na mjomba nitamwalika.