Tumsifu Mgomo

Sisi watu wa Chato na Geita tumezoea kusifu vitu ambavyo wengine wanavimwaga. Mgodi ukitupa mawe yake ya taka, sisi tunayaita magwangala, na vijana wamewahi kukimbizana na walinzi kwa ajili yake, maana ukiyaponda vizuri chembe ya dhahabu haikosekani. Msishangae basi nikileta nyundo yangu kwenye kitu ambacho wakuu wa vyuo wanakiona kifusi kitupu, yaani mgomo wa wapishi, wafagizi, walinzi na mafundi bomba. Nimeuponda, na dhahabu nimeiona.

Chuo chenyewe sikitaji. Kilikuwa cha binafsi, ng'ambo ya maji, enzi zile ambazo ukitoka Chato ulifika Busisi ukasubiri kivuko mpaka hamu ya elimu ikuishe. Siku hizi, tangu Juni 2025, basi linapita juu ya daraja na mwanafunzi anafika kabla hajabadili mawazo. Wafanyakazi wale hawakuwa wamelipwa kwa miezi kadhaa. Sisi tulilijua hilo kama mtu wa Chato anavyojua kwamba Lindi kuna mikorosho: ni kweli, lakini haimhusu.

Jumatatu moja asubuhi tukakuta jiko baridi.

Nianze na adabu, maana hiyo ndiyo ilifika mapema kuliko njaa. Pale getini palikuwa na mzee ambaye kwa miaka miwili alitufungulia na kutufungia kama zile taa za kuongozea magari za Chato mjini, zinazobadilika rangi kwa utiifu hata barabarani pakiwa na mbuzi peke yake. Hakuna aliyemwamkia. Siku ile alikuwa amekaa chini ya mwembe na redio yake, na minong'ono ikapita kwamba yeye ndiye anayejua ufunguo wa chumba cha pampu ulipo. Loo! Shikamoo zilimiminika mpaka mzee akachoka kuitikia marahaba. Naye mama wa jikoni, ambaye jina lake la siku zote lilikuwa "ongeza mchuzi", ghafla Wasukuma wa darasani wakaanza kumwita mayu, kwa sauti laini ambayo hata mama zao wa kuwazaa hawajawahi kuisikia. Hakuna semina ya maadili iliyowahi kuleta matokeo ya haraka namna hiyo, na Mgomo hakudai posho ya kikao.

Kisha yakaja masomo yenyewe. Muhula mzima tulikuwa tumefundishwa mgawanyo wa kazi katika jamii, na mimi nilitoka na C. Mgomo alilifundisha somo lile lile kwa dumu la lita 20. Hosteli yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba cha watu wanne tukiishi sita kwa kubebana. Fundi pampu akiwa kazini, maji hupanda yenyewe. Asipokuwapo, hupanda kwa mgongo wa mtu. Nilipofika ngazi ya mwisho na dumu la pili nilikuwa ninaielewa nadharia ile kuliko mhadhiri wangu. Kuhusu vyoo nitasema machache, kwa sababu huenda msomaji yuko mezani.

Mwenzetu mmoja wa chumbani alikuwa anasoma sheria, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu alifungua kitabu kabla ya wiki ya mitihani. Akatusomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwa mwanga wa tochi ya simu. Tukajua kwamba mgomo halali si hasira za asubuhi moja. Mgogoro hupelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usuluhishi hupewa siku 30, wanachama hupiga kura, na mwajiri hupewa taarifa ya saa 48. Kumbe jiko lile halikupoa ghafla! Lilikuwa linapoa kwa zaidi ya mwezi mzima, nasi tukilamba sahani. Tukajua pia kwamba mgomo ukiwa halali, mwajiri haruhusiwi kuleta vibarua wa kuziba nafasi za waliogoma. Mpishi wa kukodi tuliyekuwa tunamwota akafia hapo.

Lakini raha ilikuwa kwenye orodha ya huduma muhimu, zile ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma hivi hivi. Afya imo. Umeme umo, na zimamoto pia. Wanaoongoza ndege angani wamo. Anayeongoza mwiko kwenye sufuria la ugali wa watu mia nne hayumo. Nadhani waheshimiwa walipoipitisha sheria ile walikuwa wameshiba. Maji na usafi wa mazingira vimo, na tulibishana mpaka usiku wa manane kama choo cha ghorofa ya tatu kinahesabika humo. Hatukufikia mwafaka, wala hakukuwa na aliyejitolea kwenda kukagua kielelezo.

Uchumi nao tulifundishwa. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limekwisha zamani, na mama ntilie wa nje ya geti alipoona foleni yetu akapunguza wali na kuongeza bei bila kubadili sura. Mimi nilikuwa na mfuko wa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na furushi la dagaa kutoka nyumbani, vitu nilivyokuwa nikivificha chini ya kitanda kwa aibu, nisiitwe mshamba. Kwa siku nne nilikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Ghorofa ya Tatu. Nilikopesha kwa riba. Kuna mtu leo ni meneja mahali fulani, bado ananidai heshima yake na mimi ninamdai dagaa.

Hata hivyo tusijivune. Kwa mgomo, sisi ni wa chekechea tu. Wenzetu wa Kenya ndio maprofesa. Mwaka 2017 wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo vikuu vya umma waliugeuza muhula kuwa likizo ya siku 54. Mwaka 2025, kuanzia Septemba, chama cha wafanyakazi wasaidizi, KUSU, kiliungana tena na wahadhiri wa chama cha UASU kwa siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021. Deni hilo lilikuwa limefikia umri wa kuanza shule. Mwanafunzi aliyeingia mwaka wa kwanza Septemba ile alijua bei za chumba, intaneti na chapati kabla ya kujua sura ya mhadhiri. Na Makerere, Novemba 2016, wahadhiri walipogoma Rais Museveni alikifunga chuo chote, wanafunzi wakarudi makwao. Sisi tuligoma siku tisa. Nasema "tuligoma" kwa sababu hivyo ndivyo mwanafunzi anavyojisikia: hajagoma yeye, ila tumbo ni lake.

Na hapa sifa zinanikwama kidogo. Taa za nje zilikuwa na mtu wa kuziwasha, na yeye naye alikuwa chini ya mwembe. Wasichana wa bweni la nyuma wakawa wanatoka usiku watatu watatu, mmoja ameshika tochi, mmoja jiwe, mmoja ndiye mwenye haja. Mmoja wao alipandwa na homa, na zahanati ya chuo ilikuwa na kufuli. Tulimbeba kwa bodaboda, katikati ya dereva na rafiki yake. Alipona. Mwenye chuo alikuwa safarini wiki ile, na gari lake lilipita mara moja, vioo vimepandishwa. Mgomo, bwana mkubwa, shabaha yako ina kasoro: unamlenga mwenye deni, unampata aliyekwisha kulipa. Maana ada tulikuwa tumelipa, na risiti tulikuwa nazo. Katika siku zote tisa ofisi moja tu haikufunga mlango wake hata kwa dakika tano, nayo ni ile ya kupokea ada.

Siku ya saba tulijaribu kupika wenyewe. Sufuria kubwa tuliliunguza mpaka likawa jeusi ndani kuliko nje, na ugali uliotoka ulikuwa na unga mkavu katikati. Tuliula kwa ukimya mkubwa.

Wakalipwa miezi miwili, na ahadi ya iliyobaki. Jumatano moshi ukaonekana juu ya paa la jiko, na sisi tukapiga makofi, wengine wakarusha kofia kama siku ya mahafali. Mama wa jikoni alilitazama sufuria lake, akatutazama sisi, akaenda kutafuta mchanga wa kulisugulia bila kusema neno. Tulimsaidia kubeba maji. Maharage ya siku ile yalikuwa matamu kuliko nyama ya Krismasi.

Jumamosi, kwenye foleni ile ile, nilisikia mtu akilalamika kwa sauti kwamba haya maharage yana mawe, huyu anayepika haoni? Watu wote wakageuka kunitazama.