Kitandiko cha Bibi

Bibi alipokuwa hai, hakuna kilichokaa uchi mtaani kwetu. Televisheni ilivaa. Redio ilivaa. Makochi yalivaa mgongoni, mikononi na pale pa kukalia, na mgeni akiinuka kuaga alikuwa anaondoka na kitambaa kimoja kimenasa kwenye kifungo cha suruali. Jagi la maji lilikuwa na kikofia chenye shanga pembeni, stuli ilikuwa na kilemba chake, na siku mtungi wa gesi ulipoingia mtaani, watu wengine wakiwa bado wanaupita kwa mbali, yeye aliupima kiuno kwa uzi, na haukupita muda ukawa na sketi. Rimoti yangu aliifumia mfuko mzuri sana. Tangu siku hiyo nabadilisha stesheni kwa kubahatisha.

Watoto wake aliwasomesha kwa kazi hiyo. Watu husema "vitambaa tu", lakini ada ya shule haikuwahi kuuliza pesa zimetoka wapi. Wala hakuwa wa kwanza: njaa ya viazi ilipoipiga Ireland kuanzia 1845, wanawake wa kule walishika sindano hizihizi zenye ndoano kichwani, wakafuma lesi na kuziuza kwa matajiri, na familia zao zikapata cha kutia tumboni. Bibi hakuwa na habari za Ireland. Habari zake zilikuwa za karo, na za jirani aliyechukua seti ya kochi kwa mkopo tangu enzi za Mkapa na hajamaliza kulipa.

Alipofariki, mwanawe mkubwa aliniita barazani baada ya matanga. Wale akina mama waliokuwa wakikutana na marehemu kila Alhamisi kufuma na kuchangia kikoba walikuwa wameketi mkekani. Katikati yao palikuwa na kapu moja na kopo moja la biskuti. Kopo hilo, kwa desturi ya makopo ya biskuti ya nchi hii, halikuwa na biskuti. Lilikuwa na madonge ya uzi, karatasi za madonge yaliyokwisha, pini, na mkasi uliotafutwa na nyumba tatu tofauti. Kapuni mlikuwa na vipande vya mraba vya kitandiko ambacho Bibi alikuwa anamfumia mjukuu wake wa kike anayetarajia kuolewa. Kipande cha juu kilikuwa hakijaisha, sindano bado imo kwenye kitanzi.

"Tumeamua tukimalize sisi," alisema Mama Mwenyekiti. "Kiwe ukumbusho. Na wewe Mwalimu utatupigia hesabu."

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Nilikwenda na rula, penseli na daftari, nikijua nitarudi kwangu kabla ya magharibi. Hesabu yenyewe ilikuwa ya darasa la tano. Kitanda cha bibi harusi ni sita kwa sita, yaani takriban sentimita 180 kila upande. Kipande cha Bibi kina sentimita 15. Kumi na mbili kwa kumi na mbili: vipande 144. Toa alivyofuma marehemu, vilivyobaki gawa kwa idadi ya wanachama. Jibu lilibaki na salio la vipande kadhaa visivyo na mwenyewe. Akina mama wakanitazama. Mmoja akanishika mkono kwa upole kabisa, akaniwekea sindano ya milimita moja na nusu kiganjani.

Nilipofika nyumbani mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikamweleza habari za Tom Daley, mpiga mbizi wa Uingereza, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki jijini Tokyo mwaka 2021, kisha akaonekana kwenye jukwaa la watazamaji anafuma mbele ya kamera za dunia nzima, na medali yenyewe akaifumia kifuko isije ikachubuka. Nikamweleza na kisiwa cha Taquile katika ziwa Titicaca, nchini Peru, ambako wanaume ndio wanaofuma kofia. Mke wangu akauliza kama huko Peru wanaume hao pia huacha sufuria la maharage likiungua. Nikaona mjadala umetoka kwenye mada.

Lengo letu lilikuwa kumaliza kabla ya arobaini. Sasa nieleze kwa nini arobaini ilifika, ikasomwa dua, pilau likaliwa, na kitandiko bado kilikuwa kapuni.

La kwanza ni uzi. Uzi wa kufumia una namba, na namba hizo zilipangwa na mtu asiyewatakia mema walimu wa hisabati: kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Bibi alitumia namba 10. Mama Mhazini alikwenda Kariakoo na pesa za kikoba, akaulizia kwa busara zake zote, akarudi na namba 20 akijivuna kwamba ametuletea mnene maradufu kwa bei ileile. Uzi ukarudishwa. Safari ya pili walikwenda watu wazima wawili na kipande cha Bibi mkononi kama kielelezo, na mwenye duka akaapa kwa wazazi wake wote kwamba rangi ni ileile, rangi ya maziwa. Dukani ilikuwa ileile. Chini ya taa ya duka la Kariakoo kila rangi ni ileile. Barazani kwetu, juani, vipande vipya vilionekana vimeugua manjano.

Ndipo tulipoelewa kwa nini Bibi alitunza zile karatasi za madonge. Kila karatasi ina namba ndogo ya mchanganyo wa rangi. Kiwanda kikipika rangi leo na kikapika tena mwezi ujao, hata kwa mizani ileile, mapishi mawili hayalingani kabisa, na mfumaji mwenye akili hununua madonge yote ya kazi moja kwa siku moja. Bibi alilijua hilo na alikuwa amenunua yote. Mengine aliyagawa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, na nusu ya uzi wa bibi harusi leo ni vikofia vichwani mwa vichanga wa mtaa mzima. Kuna aliyependekeza tukavikusanye. Alitazamwa mpaka akanyamaza.

La pili ni mikono. Mtu asiyefuma anadhani uzi mmoja na sindano moja vitaleta kipande kimoja. Thubutu! Kuna mikono inayokaza na mikono inayolegeza, na hakuna hesabu inayoitibu. Mama Mwenyekiti, ambaye hajawahi kusamehe deni, alituletea vipande vya sentimita 13, vigumu, ukikigonga kimoja mezani kinatoa mlio. Jirani yetu wa nyumba ya kona, mtu wa kucheka na kila mpita njia, alileta vya 18. Dada mmoja alifuma akitazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na ukikishika kipande chake unaweza kuona kabisa mistari aliyofuma mama mkwe alipoingia na ile aliyofuma wakati wa matangazo. Nikawaeleza kwamba kosa la sentimita moja kwa kipande ni sentimita 12 kwa upande mzima, na kwamba kitandiko kinaelekea kuwa na umbo ambalo katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kulichora ubaoni. Mama Mwenyekiti akajibu kwamba bibi harusi atalala juu yake, hatafanyia mtihani.

Kulikuwa pia na kipande kilichokataa kulala chini. Binti mmoja mwenye moyo mkunjufu alikuwa anaongeza vitanzi kila alipojisikia, na si kwenye kona nne peke yake kama inavyotakiwa. Kipande kikajikunja pembeni mawimbi kwa mawimbi, jani la kabichi kabisa. Akina mama walitaka kukifumua. Nikakinyakua. Mwaka 1997 mwanahisabati mzaliwa wa Latvia, Daina Taimina, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alifuma kitu cha namna hiyohiyo kwa makusudi, akiongeza vitanzi kwa uwiano usiobadilika mzunguko baada ya mzunguko, na wanafunzi wake wakapata kushika kwa mikono nafasi iliyopinda ambayo vitabu vilikuwa vinaihangaikia tangu karne ya 19. Katika nafasi hiyo, kupitia nukta moja iliyo nje ya mstari unaweza kuchora mistari mingi isiyokutana na mstari huo, na jiometri yangu ya Euclid niliyoifundisha maisha yangu yote inabaki mlangoni. Niliwaeleza yote hayo kwa msisimko mkubwa. Walinisikiliza kwa heshima, chai ikanywewa, kisha wakakifumua.

Lakini aliyetukosesha arobaini hasa ni bodaboda.

Alhamisi moja Mama Mhazini alikuwa anamalizia kipande chake kizuri kuliko vyote, sentimita 15 kamili, nimepima mwenyewe. Akatoa sindano kwenye kitanzi cha mwisho ili apokee simu ya mwanawe, bila kuufunga uzi. Donge likateleza mkekani, likashuka ngazi ya baraza, likavuka mfereji na kuingia barabarani. Bodaboda ikapita. Uzi ukanasa kwenye mnyororo wa pikipiki.

Kwa wasiofuma: kazi hii yote ni kitanzi kimoja kilichopita ndani ya kitanzi kingine. Ukivuta ule mwisho ulio wazi, kila kitanzi kinamwachia mwenzake, kwa adabu na kwa haraka. Mama Mhazini alisimama, simu sikioni, kipande mkononi, na kipande kikaanza kupungua mbele ya macho yetu. Mstari wa nje ukaenda. Ua la kona likaenda. Yeye, badala ya kukiachia au kukibana, aliendelea kumwambia mwanawe, "Ndiyo baba, nasikia, ndiyo." Akina mama wakapiga ukelele. Kijana wa bodaboda aliposikia kelele akadhani kuna abiria, akageuza. Uzi ukazunguka mti wa mwarobaini, ukamzunguka muuza mihogo na meza yake, ukarudi barazani. Pikipiki ilipozimwa, kiganjani mwa Mama Mhazini kilikuwa kimebaki kiduara cha katikati, kikubwa kuliko kifungo kwa shida.

Tulitarajia kijana atagomba kwa ajili ya mnyororo wake. Alikaa chini kwenye vumbi akaanza kuunasua uzi pole pole bila kuukata, huku anauzungushia vidoleni kwa namna ambayo iliwafanya akina mama wapunguze sauti. "We, umejifunza wapi?" aliulizwa. Alisema Bibi alimfundisha akiwa darasa la tatu, mwaka aliovunjika mguu na hakuwa na la kufanya. Siku hizi anafuma kijiweni akisubiri abiria, anaficha chini ya kiti wenzake wasione. Akapewa mgawo wa vipande palepale, na ndiye pekee ambaye vipande vyake vinalingana na vya marehemu. Kwa rula yangu havitofautiani hata milimita mbili. Ni mkono uleule, umehamia kwenye pikipiki.

Nusura kikundi kivunjike kwa ajili ya kile kipande cha juu, chenye sindano yake. Wengine walisema kimaliziwe, kazi ya marehemu isiachwe nusu. Wengine walisema atakayeitoa sindano hiyo atakuwa amemnyang'anya mwenzake. Maneno yalikuwa makali kuliko nilivyotegemea barazani kwa watu wazima. Nchini Marekani, tangu 2022, kuna shirika linaloitwa Loose Ends ambalo huwapa wafumaji wa kujitolea kazi zilizoachwa na wafu ili wazimalize na kuzirudisha kwa familia, kwa hiyo ugomvi wetu si wa peke yetu. Mwisho mjukuu mwenyewe aliamua. Kipande kilitiwa pini ndogo kwenye kitanzi kisifumuke, kikaunganishwa vilevile kilivyo, upande wa kichwani, na sindano akaichukua yeye. Nadhani aliamua vizuri. Kipande hicho kina tundu la kuingia vidole viwili na hakuna anayekiombea radhi.

Mambo yalivyo sasa ni haya. Kitandiko kimeungwa karibu chote. Upande wa kushoto umepita wa kulia kwa upana wa kiganja, rangi inaanza maziwa na kuishia manjano, na Mama Mwenyekiti amekataa katakata kisifiwe kabla hakijafuliwa. Bibi harusi amekwishaambiwa kwamba ni cha kulalia, si cha kufungiwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Zimebaki kingo, na kingo zinahitaji uzi ulio sawa na wa Bibi. Kwa hiyo msomaji, kama nyumbani kwako kuna uzi wa pamba namba 10, rangi ya maziwa ya zamani, hata robo ya donge ndani ya kopo la biskuti, usiutupe na usimpe paka. Tunakutana Alhamisi baada ya alasiri, na wanaume mnakaribishwa, ila kila mtu aje na sindano yake, kwa sababu za kuazima zimekwisha.