Mlio Uliowakimbia Mafundi

Mtu wa Mwamgongo anayenunua gari anajitafutia maswali. Kijiji hicho cha wavuvi kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, na kwa miaka mingi njia yake kuu ya kwenda mjini imekuwa maji: boti ya mbao, injini ya kupachika nyuma, na saa kadhaa za kukalia magunia ya watu wengine hadi Kibirizi, Kigoma. Nahodha mmoja wa kijijini hapo alinunua gari hivyo hivyo. Akalikabidhi kwa shemeji yake anayeishi Mwanga, mjini Kigoma, libebe abiria na mizigo, naye akarudi ziwani kuvua dagaa. Kwa hiyo akawa mmiliki wa chombo alichokiona kwa nadra na kukisikia kwa simu.

Na alikisikia kweli.

"Shemeji, gari linalia."

"Linaliaje?"

Hapo shemeji, mtu mzima mwenye watoto na heshima zake, alisimama kando ya barabara na kupaza sauti: "Ke-ke-ke-ke-ke! Halafu linanyamaza." Mtandao wa simu ulikata katikati, nahodha akapata "ke" mbili tu. Siku nyingine mlio ulifika Mwamgongo ukiwa "ngrrr", akadhani ni ugonjwa wa pili. Mke wake, aliyemkuta amesimama juu ya jiwe lenye mtandao akijibu kwa milio hiyo hiyo, aliuliza kama kaka yake amefungua banda la kuku huko mjini.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Probox, aina iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 kwa ajili ya kampuni zenye bidhaa za kusambaza. Kigoma huitumia kama mchomoko, kazi ambayo idadi ya abiria haiamuliwi na viti bali na unene wa waliokwisha kuingia na mahali alipo trafiki. Injini yake ya 1NZ-FE, yenye silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,496, ina sifa ya kuvumilia. Dashibodi ilionyesha kilomita laki tatu na ushei. Nahodha aliishangaa namba hiyo kuliko kitu kingine chochote garini. Injini ya boti haina mahali pa kuandika ilikotoka. Umri wake huulizwa kwa waliokuwa nayo kabla, na wote husema imetembea kidogo tu.

Tatizo la mlio huo lilikuwa adabu yake. Ulipiga kelele mbele ya abiria, ukanyamaza mbele ya fundi. Shemeji alilipeleka gari gereji moja Ujiji, chini ya mwembe. Ujiji ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871, baada ya safari ya miezi kama minane kutoka pwani, lakini Livingstone alikuwa na fadhila ya kukaa mahali pamoja. Mlio ulisindikiza gari hadi karibu, kisha ukashuka. Chini ya mwembe injini iliunguruma taratibu, na mafundi wakamtazama shemeji kama mtu aliyekuja zahanati kuomba cheti cha kukwepa kazi.

Hata hivyo hakuna fundi aliyekiri kutosikia kitu. Wa kwanza alisema ni cheni ya taimingi. Hakusema upuuzi: injini hiyo haitumii mkanda bali cheni, na oili ikicheleweshwa kubadilishwa cheni hulegea, ikagonga asubuhi gari linapowashwa, kabla oili haijapanda kukisukuma kikazio chake. Ila gari hili likiwashwa asubuhi lilikuwa kimya. Wa pili alishauri oili nzito zaidi na plagi mpya nne, vikawekwa. Wa tatu alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akautia sikioni, akafumba macho.

Njia hiyo ina ukoo mzuri. Mwaka 1816 daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi kuwa bomba ili kusikiliza moyo wa mgonjwa, baadaye akachonga bomba la mti, na kifaa cha shingoni mwa madaktari kikaanzia hapo. Bisibisi nayo hupitisha sauti vizuri, na inaweza kutenganisha beringi ya pampu ya maji na ile ya altaneta zilizo jirani. Inachoshindwa ni kusikiliza mlio ambao haupo. Fundi alisikiliza kwa muda mrefu, akafumbua macho, akatamka: "Pampu ya maji." Pampu ikabadilishwa.

Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao pembeni hakuridhika. Alisema injini haiuawi na kilomita bali na kukosa grisi, akatoa ushahidi unaotolewa Kigoma katika kila ubishi wa injini: MV Liemba. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Kigoma kwa reli. Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakikimbia waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. "Imelala chini ya maji miaka minane," mzee alisema, "na haikulia ke-ke-ke." Shemeji alimkumbusha kwamba ile ilikuwa ya mvuke. Mzee akasema mvuke au petroli, adabu ni ile ile, akala kete nne.

Kisha mlio ukakoma.

Ulikoma katikati ya Mei 2024, na fundi wa pampu akapata jina. Madereva wa mchomoko walianza kumwita daktari. Nahodha naye alifika Kigoma siku hizo akiwa hana kazi, kwa kuwa Serikali ilikuwa imesimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Nyavu zilikuwa zimekunjwa na taa za dagaa zimezimwa. Akakaa kiti cha mbele cha gari lake, akazungushwa mji mzima bila kusikia kitu, akaanza kushuku kwamba shemeji yake alikuwa akimlilia kuku bure.

Juni mlio ulirudi, na aliyeuleta alikuwa mama mmoja wa Kibirizi. Huyu alikuwa mteja wa kudumu. Kabla ya ziwa kufungwa alipandisha magunia ya dagaa kila alfajiri kutoka ufukweni hadi sokoni Mwanga. Dagaa walipokatika alikaa nyumbani majuma kadhaa, kisha akageukia mawese. Siku aliyopakia madumu kumi ya lita ishirini, gari lilianza kupanda mlima wa Kibirizi, likafika katikati, likasema: ke-ke-ke-ke-ke.

"Haa, huo hapo!" shemeji alishangilia kama aliyefunga goli.

"Mbona siku zote linalia hapa hapa, mwanangu?" mama alisema kutoka nyuma, amekumbatia dumu. "Likifika tambarare linaacha. Nilidhani mnajua."

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nahodha aliomba kalamu na nyuma ya stakabadhi ya mawese akaandika: likiwa tupu, kimya; tambarare, kimya; mlimani na mzigo, linalia. Lita mia mbili za mawese ni kilo kama 180, karibu watu watatu wasioshuka njiani. Fundi wa bisibisi alikuwa amelichunguza gari likiwa tupu, limesimama, mahali palipo sawa. Na pampu yake ilikuwa imefungwa siku zile zile ambazo Serikali iliwanyang'anya abiria dagaa wao. Sifa zote alizopata zilikuwa za wizara.

Nahodha hakujua magari, ila alijua kitu kimoja cha boti. Injini ya kupachika hubanwa kwenye ubao wa tezi kwa skrubu mbili za mkono. Zikilegea, chombo kizima hutetemeka na kugonga kila unapoongeza moto, na mgeni huanza kufungua silinda. Baharia mzoefu hutazama kwanza injini imekalia nini. Akamuuliza fundi swali hilo hilo: hii ya gari imekalia nini?

Imekalia raba, mauntingi kama mafundi wanavyoziita. Fundi alikubali kujaribu, ingawa shingo upande. Boneti ikafunguliwa, breki ya mkono ikavutwa, shemeji akakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote, akawa anaingiza gia ya mbele na ya nyuma huku akigusa mafuta kidogo. Injini nzima iliinuka na kulala nyuma kama mtu anayekataa kupigwa picha. Raba moja ilikuwa imechanika kabisa. Ilipobeba mzigo mlimani, injini ililala nyuma na kuvuta egzosi, na bati la kukinga joto, ambalo bolti yake moja ilikuwa imeanguka zamani na nafasi yake kushikwa na waya, likagonga chini ya bodi. Waya ule ulikuwa wa kufungia nyavu. Nahodha alimtazama shemeji. Shemeji akatazama mwembe.

Raba iliyotumika ikanunuliwa, na bolti moja. Madumu kumi yakapakiwa tena, mama akalipwa kwa usumbufu wake kwa safari ya bure, gari likapanda mlima wa Kibirizi huku ukisikika upepo wa madirishani na mama akieleza bei ya mawese.

Agosti 15 ilipofika, ziwa likafunguliwa na nahodha akapanda boti kurudi Mwamgongo. Chini ya mwembe kilibaki kiroba chenye plagi nne na pampu ya maji, vyote vizima, visivyo na kosa lolote. Haikuchukua muda akaja dereva mwingine wa mchomoko: gari lake linagonga, alisema, ila si wakati wote, na leo kwa mfano halisikiki kabisa. Shemeji akamsogezea kibao akae. Akafungua kiroba, akaifuta pampu vumbi kwa shati, akamwambia kwamba pampu ilipobadilishwa, gari la kwao lilinyamaza majuma kadhaa. Hakuongeza neno, wala hakudanganya.