Miguu Yako Iko Salama: Tunahesabu Kurudi Nyuma

Mpwa wangu ni mtu wa gemu za mpira. Kwake gemu lina goli mbili, refa na dakika tisini zilizofupishwa. Ndiyo maana aliposimama nyuma ya kiti changu akanitazama nikicheza E.Y.E.: Divine Cybermancy, alivumilia robo saa tu.

"Mjomba, hili gemu linakuchukia."

Nikamwambia avute stuli, tuhesabu pamoja lilivyonichukia. Tukaanzia tisa. Ya kumi tuliikuta, lakini hiyo ilikuwa makosa yangu mwenyewe.

Kwa asiyelijua: lilitoka Julai 2011, limetengenezwa Ufaransa na studio ndogo iitwayo Streum On, juu ya injini ya Source, ileile iliyoendesha Half-Life 2. Ni gemu la kufyatua risasi ambalo papo hapo linakutaka umkuze mhusika wako kama mtoto: nguvu, wepesi, shabaha, udukuzi, na uwezo wa akili ambao mganga akiuona atafunga kilinge.

9. Halifundishi. Mafunzo yapo, ila ni video zilizowekwa kwenye menyu, unazitazama kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi. Ukimaliza unafungua begi lako: uzito wa silaha, aina ya deraya, viungo vya chuma vya kupandikiza mwilini, orodha juu ya orodha. Mpwa akauliza kama hili ni gemu au fomu ya kuomba mkopo. Fomu ya mkopo angalau ina mtu dirishani wa kumuuliza.

8. Unazaliwa kwa bahati nasibu. Mwanzoni unachagua jeni, gemu linazichanganya, linakupa namba. Hukupenda? Changanya tena. Mhusika wangu wa kwanza alikuwa na kifua cha kuli wa bandarini na shabaha ya mtu anayetupa jiwe gizani. Nilimpenda. Alikufa haraka.

7. Hadithi imepita mikono mingi. Iliandikwa Kifaransa, ikatiwa Kiingereza, na njiani ikaangusha mizigo. Wenye Kiingereza chao walilalamika sana. Mimi nimekulia kwenye mabanda ya video, nikitazama filamu za karate ambazo nusu ya maneno tulijitungia wenyewe, kwa hiyo nilijiona nyumbani. Nilichoelewa ni hiki: wewe ni mmoja wa watawa wapiganaji wa chama cha siri, Secreta Secretorum, chenye koo mbili zisizopikika chungu kimoja, Culter Dei na Jian Shang Di.

"Kwa hiyo tunapigana na nani?"

"Serikali. Na mazimwi. Na ndugu zetu."

"Ndugu zetu wamefanya nini?"

"Kaa kimya, mwanangu, bado namba saba."

6. Unalipwa kwa brouzouf. Hapa nilisimamisha gemu, maana mambo ya lugha yananizidi nguvu. Kila adui akianguka, maandishi yanakuambia umepata brouzouf. Nilidhani ni neno la sayari za mbali, kumbe ni la mtaani Ufaransa, maana yake hela, mshiko, chapaa, ngawira. Yaani ulimwengu mzima wa watawa wa chuma, mazimwi na siri za kale, na mshahara unalipwa kwa neno la kijiweni!

Jina la studio nalo lina mchezo wake. Vijana wa Ufaransa wana mtindo wa kugeuza silabi za maneno, unaitwa verlan. Neno la Kifaransa la zimwi ni "monstre". Ligeuze, linakuwa "streumon". Likate katikati, umepata studio. Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu hapo, kwa sababu kinyume tunacho tangu zamani: simba anakuwa mbasi, nyumba inakuwa mbanyu, na watoto wanapanga njama mbele ya mama zao bila wasiwasi. Wafaransa wamefungulia kampuni mchezo wetu wa barazani.

Mpwa akasema tungekuwa na akili tungewadai. Nikamuuliza tungewadai nini. Akajibu: brouzouf.

5. Akili inakatika kabla ya mwili. Ukiwakabili viumbe fulani, mhusika wako anaingiwa na hofu kuu. Anaona visivyokuwepo. Kuna nyakati unabonyeza kitufe cha kufyatua naye hafyatui, basi tu, moyo umekataa. Dawa? Unafungua menyu na kuchagua "matengenezo". Ndiyo, matengenezo, kama gari la Noah lililochemsha mlimani. Unasubiri kidogo, wazimu unapona, unaendelea na safari. Mpwa aliuliza kama hiyo menyu inapatikana kwa watu wanaoshabikia timu yake.

Na hapa niseme neno la kulitetea. Wenye gemu hili hawakuanza na kompyuta. Mwaka 1998 walikuwa na gemu la mezani la kuigiza wahusika, A.V.A., na E.Y.E. imetoka humo. Miaka kumi na mitatu! Mtu akilea wazo muda wote huo hatakubali kutupa hata kipande. Studio kubwa ingekuwa na meneja wa kusema "hili tuliondoe, wachezaji watachanganyikiwa". Hapa hakuna aliyesema, au aliyesema hakusikilizwa. Wazimu umo, jeni zimo, upanga umo, bastola iitwayo Bear Killer imo, uwezo wa kujigawa nakala umo, wa kuhamia mahali alipo adui naye akapasuka vipande umo pia. Ni sinia la harusi ambalo kila shangazi ameleta chakula chake, na hakuna aliyewauliza wenzake wanaleta nini. Ninalila mpaka leo.

4. Maadui hawaishi. Unasafisha mtaa, unageuka, mtaa umejaa. Nani kawaita? Hakuna zaidi la kusema hapa. Walinirudia hata nilipokuwa naandika aya hii.

3. Miguu. Ukiruka kutoka juu sana, miguu inavunjika. Unakwenda menyu ileile, matengenezo yaleyale, kisha gemu linakutangazia kwa utulivu wa muuguzi wa zamu ya usiku kwamba miguu yako iko salama. Mchana kutwa, vita vinarindima, ujumbe ni huo. Wachezaji wake wameufanya utani wa miaka na miaka. Baadaye ukinunua miguu ya chuma na kuiboresha unaruka kutoka maghorofani kama embe bivu, tofauti ni kwamba unatua umesimama, na raha yake huipati kwenye gemu lenye adabu zake.

Tangu siku hiyo mpwa haniamkii tena. Anaingia sebuleni na kuuliza, "Miguu iko salama, mjomba?" Dada yangu anadhani ninaumwa na hajatuambia amempigia nani simu.

2. ATM ilinipiga. Udukuzi humu si kubonyeza kitufe ukasubiri mlango ufunguke. Unashambulia kitu, nacho kinajitetea, nacho kinashambulia. Unaweza kudukua mtambo wa bunduki ukawageukia wenyewe. Unaweza kudukua kichwa cha askari. Mimi, kwa tamaa, nikaenda kudukua mashine ya kutolea pesa.

Ilinidukua yeye.

Naiita "yeye" kwa sababu kitu kilichokushinda kwa akili kinastahili ngeli ya watu. Skrini ikavurugika, kichwa cha mhusika wangu kikawa mali ya mashine ya benki, na mimi nimeshika kipanya tu kama mtu aliyeshika usukani wa gari linalovutwa. Mpwa alianguka kutoka kwenye stuli. Alipopata pumzi aliuliza kama mashine ilinikata na makato ya huduma.

Watu wa Streum On baadaye walipewa kazi ya kutengeneza gemu za ulimwengu wa Warhammer 40,000: Space Hulk: Deathwing mwaka 2016, Necromunda: Hired Gun mwaka 2021. Nyumba kubwa kuliko ya kwanza, samani nzuri zaidi. Sijasikia mtu akisimulia alivyoibiwa na ATM humo.

1. Mwisho si mwisho. Unapigana saa na saa, unafika Noctis Labyrinthum, eneo la mabonde la kweli kabisa lililoko Mars, unasaliti uliowapenda au wanakusaliti, unafika mbele ya lango, unapita. Halafu unaamka palepale ulipoamkia siku ya kwanza. Nguvu zako unazo, silaha unazo, hadithi imeanza upya, na lango ulilopita lilikuwa moja kati ya kadhaa.

Mpwa alikaa kimya, akikodolea macho skrini.

"Sasa inakuwaje?"

"Tunarudi namba tisa."

Akasogeza stuli karibu. "Leta kipanya, mjomba. Hiyo ATM nina hesabu nayo."