Fundi Akiguna, Shika Pochi

Fundi wa paa wa Dar es Salaam haanzi kutazama paa. Anatazama televisheni, anatazama masofa, anachungulia kama kuna gari uani, ndipo anainua shingo kwenye lile doa la kahawia darini na kuguna: "Mmh! Bosi, nani alikufanyia hii kazi?" Mguno huo si wa bure. Bei inaanzia hapo.

Mafundi wote huguna, wa bomba, wa umeme, hata wa friji. Lakini wa paa amewazidi wenzake kwa jambo moja: kazi yake iko mahali ambapo mwenye nyumba hapandi. Fundi bomba akikudanganya, sinki litamuumbua jioni ileile. Wa paa anapanda Januari jua likiwaka, anashuka akijifuta jasho, anakwambia "hapo umemaliza, bosi", na paa halisemi neno mpaka masika ya Machi. Wakati huo namba yake haipatikani.

Wa kwanza kupanda kwetu alikuja nikiwa kazini. Mapatano yote tulifanya kwa simu. Kugonga aligonga, hilo namkubalia. Majirani walikuja kuuliza kama tunahama. Mvua iliponyesha, tone lililokuwa likidondokea sebuleni likawa limehamia chumba cha wageni, juu ya mto.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini. Msumari wa bati una kipira chake, na hupigwa kwenye mgongo wa bati, kwa sababu maji hupita bondeni. Yeye alipiga bondeni, tena kwa nguvu za kuua nyoka, vipira vikapasuka. Halafu maji yenyewe hayaanguki pale yalipoingilia. Yanapenya tunduni, yanafuata papi taratibu, yanashukia yanapotaka, pengine chumba cha pili. Kwa hiyo fundi anayesimama sebuleni akanyooshea doa kidole na kusema "tundu liko hapahapa" anapiga ramli, na ramli nayo ina malipo yake.

Aliyemfuatia alikuwa mtaalamu wa ununuzi. Alitaka hela ya mabati akanunue mwenyewe, maana dukani "wananijua". Walimjua kweli: risiti ilisoma geji 28, bati lililofika lilikuwa geji 32. Nilipomhoji akanijibu kwa upole, "Bosi, kwani 32 si kubwa kuliko 28?" Kwa hesabu za darasa la kwanza, ndiyo. Kwenye bati namba ikipanda unene unashuka. Geji 28 ni yapata milimita 0.4; ukilala chini ya bati la geji 32, paka akipita usiku unaweza kuhesabu miguu yake.

Watu hunishauri niulize cheti cha VETA. Ni sawa, ulizia. Mimi siku hizi naulizia nyumba ya mwisho aliyoezeka, nami naenda kuitazama mvua ikiwa inanyesha.

Mwokozi wetu alikuwa mama mkwe, ambaye kila akija kutoka Tanga hulala chumba hicho cha wageni, na ndiye aliyekuwepo nyumbani siku ile fundi wa kwanza alipopanda. Safari hii jirani alituletea fundi "mwaminifu sana". Akaingia, macho kwenye televisheni, macho kwenye masofa, shingo juu, mguno. "Huyu aliyewafanyia hivi si fundi, ni mwizi."

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Mwanangu, si wewe?"

Kimya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si wewe?"

Ikabainika kuwa kipindi kile alikuwa na kijana wake msaidizi, huyo ndiye aliyeharibu, na walishaachana. Mama akampa pole ya kuachwa, kisha akampa masharti. Misumari tutanunua sisi. Yote atakayong'oa aishushe kwenye kopo, tuihesabu, maana kuna mafundi wanaogonga msumari wa zamani na kutoza bei ya mpya. Na hapewi hata nauli mpaka kijana wa jirani apande na mpira wa maji amwagilie paa la chumba cha wageni, kuanzia chini kwenda juu, mama akiwa amekaa chumbani na tochi.

Fundi alipanda. Alipofika juu nilimsikia akiguna, lakini safari hii aligunia kazi yake mwenyewe, na mguno huo haukuwa na bei.

Chumba cha wageni hakivuji tena. Jikoni bado kunavuja, kwa kuwa mama mkwe alisharudi Tanga kabla kazi haijafika upande huo wa paa. Msomaji mwenye fundi anayetazama paa kabla ya televisheni, naomba aniletee kabla ya masika. Ngazi ninayo, misumari ninayo, na kopo lipo.