Mnunuzi Haandiki "Jokofu"

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mtopanga, Kisauni, aliyefundisha Kiswahili hadi akawa anasahihisha hata kadi za harusi anazoalikwa, aliamua kuuza friji yake mtandaoni. Picha zilikuwa safi, bei ilikuwa ya haki. Tangazo lilisomeka hivi: "Jokofu la milango miwili, lingali imara, lagandisha barafu ipasavyo." Chini kulikuwa na kisanduku ambacho mnunuzi hakioni, lakini mtandao hukisoma ili ujue ni bidhaa gani ya kumletea anayetafuta. Humo mwalimu akaongeza: jokofu, majokofu, jokofu imara, kipoza vyakula.

Simu ikanyamaza kama imezimwa.

Mjukuu wake, msichana wa sekondari, akaichukua simu, akafuta yote na kuandika: friji, fridge, friji eksi yuki, friji mtumba, friji Mombasa. Jioni ile ile wateja wakaanza kupiga. Mwalimu aliziona pesa, lakini roho haikutulia. Akataka kujua "friji mtumba" ni muundo gani wa kisarufi. "Babu," akaulizwa kwa adabu zote, "unauza friji ama unasahihisha insha?"

Msichana alikuwa na hoja. Kwa mnunuzi wa Kisauni, "eksi yuki" ni sifa kubwa kuliko "imara". Maana yake ni kwamba chombo kilitumika Uingereza, kikachokwa huko, kikavuka bahari, na kwa hivyo kinaaminika kuliko kipya cha bei sawa. Hakuna anayeandika hayo yote kwenye simu. Anaandika maneno mawili na kubonyeza, na mara nyingi anayakosea.

Visanduku hivi vina historia ndefu kidogo. Miaka ya 1990, enzi za AltaVista, wenye tovuti walijaza kurasa zao maneno ya kificho, mengine kwa herufi nyeupe juu ya nyeupe, ili mitambo ya utafutaji iwalete mbele. Ujanja huo ulizidi mno, hata Septemba 2009 Google ikatangaza hadharani kwamba maneno ya aina hiyo yaliyofichwa ndani ya kurasa haiyatumii kabisa kupanga matokeo yake. Masoko ya mtandaoni lakini yalibaki na visanduku vyao. Etsy humpa muuzaji tagi 13, kila moja isizidi herufi 20, nafasi tupu zikihesabiwa. Amazon iliweka ukomo wa chini ya baiti 250. eBay humpa herufi 80 za kichwa cha tangazo, na humkataza kutaja chapa za bidhaa asizouza.

Katazo hilo bado halijafika Magongo, Changamwe, ambako kijana mmoja muuza makava ya simu aliweka kava la shilingi 300 na kulizungushia majina iPhone, Samsung na Tecno. Mteja mmoja akapanda matatu kutoka Miritini na shilingi 300 zake mfukoni, amekuja kuchukua iPhone. Walivyoachana haipendezi kuandikwa.

Changamwe hiyo hiyo ndiko kulikochongwa twiga wengi waliokwisha kuingia nyumba za Wazungu. Chama cha ushirika cha Akamba Handicraft kiko huko tangu 1963, njia ya kuelekea uwanja wa ndege, na mchongaji anayekaa chini ya vile vibanda hana haja ya kuelezwa soko la nje ni nini. Shida huanza pale shemeji aliyeko ng'ambo anapojitolea kumfungulia duka la Etsy. Tagi ya kwanza inayomjia mtu yeyote ni "wooden giraffe statue". Hesabu: herufi 21. Imezidi kwa moja. Twiga aliyechongwa kwa siku kadhaa, akapigwa msasa na kupakwa rangi ya viatu, anakwama mlangoni kwa sababu ya herufi moja, na ikabidi "wooden" ipunguzwe iwe "wood" ndipo apite. "Twiga wa mbao" ingeingia bila jasho, ni herufi 13 tu. Bahati mbaya anayetafuta yuko Ohio.

Likoni ina matatizo ya aina yake. Muuzaji mmoja wa makochi huko aliambiwa aweke majina ya mitaa kwenye maneno yake ili aonekane mbali, naye akayamwaga yote: Likoni, Nyali, Bamburi, Mikindani, Tudor. Alionekana mbali kweli. Mama mmoja wa Bamburi alilipenda kochi la viti saba, akalipa kwa M-Pesa, akakaa kibarazani kulingoja, akiamini liko mtaa wa pili. Alipoambiwa liko ng'ambo ya kivuko, akauliza kwani shida iko wapi, si feri ni bure? Ni bure kwa waendao kwa miguu. Kochi lina miguu minne, lakini haihesabiwi. Mvutano wa nani alipe nauli ya pikapu ulichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Hata hivyo, kisa kinachostahili kusimuliwa kwa kituo ni cha bi mmoja wa Mtongwe, muuza leso, ambaye alikielewa kile kisanduku kwa namna ambayo waliokibuni hawakuifikiria. Aliambiwa na binti wa dada yake, "Khaloo, hapa unaandika maneno ambayo mteja hayaoni." Bi akafurahi. Biashara ya miaka mingi imemfunza kwamba mambo ambayo mteja hapaswi kuyaona ni mengi. Basi kila leso akaiandikia siri yake: ilinunuliwa kwa bei gani, ya mwisho asishuke wapi, na nani asikopeshwe. Leso moja nyekundu ilipata maneno haya: "mwisho elfu moja, wa Bombolulu hajalipa, hii ina doa pembeni".

Soko alilotumia lilikuwa na visanduku viwili, kimoja cha siri na kimoja cha tagi zinazoonekana chini ya picha. Ni kipi alichojaza, msomaji ameshajua.

Mteja wa kwanza alipiga simu asubuhi.

"Asalaam aleykum, mama."

"Waaleykum salaam, mwanangu."

"Ile leso nyekundu ni bei gani?"

"Elfu moja na mia tano, na kwa kuwa ni wewe."

"Lakini mama, hapa umeandika mwisho elfu moja."

Kimya. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejikusanya: "Nani amekwambia?"

"Wewe, mama. Na umesema ina doa."

Leso iliuzwa kwa mia nane, maana mtu akishaijua bei yako ya mwisho na doa pia, huna la kumdai. Yule wa Bombolulu naye alilipa deni siku hiyo hiyo, kwa hasira, baada ya kutumiwa picha ya tangazo na watu watatu tofauti. Ukipiga hesabu za biashara tupu, bi alitoka na faida.

Binti akaja kusafisha. Akafuta siri zote na kuweka maneno ya maana: leso, kanga, khanga, leso za Mombasa, leso za harusi. Neno "kanga" aliliweka makusudi, kwani ndilo wanalolitumia Watanzania na wengi wa bara. Halikukosa wateja. Bwana mmoja akapiga simu.

"Mama, kanga bado wapo?"

"Zipo, baba. Karibu."

"Wakubwa?"

"Ukubwa wa kawaida, mita moja na nusu."

Bwana akashtuka kidogo. "Na wanataga?"

"Ndugu yangu," akajibu bi, "za kwangu zina maneno, hazina mayai."

Mfugaji wa ndege alipotea njia, hilo ni jambo dogo. La kustaajabisha ni kwamba aliishia kununua doti mbili za mkewe. Kwa hiyo neno lililompoteza likaachwa pale pale lilipo, na binti akakataa katakata kuongeza "mayai".

Tahajia, usiidharau. Kikoi ambacho Mombasa nzima hukiandika kwa "i", mtalii hukitafuta kwa "y". Tofauti hiyo ya herufi moja ina thamani kiasi kwamba kampuni moja ya Uingereza iliwahi kuomba kulisajili jina "kikoy" kama alama yake ya biashara. Wafanyabiashara wa Kenya wakapinga kwa msaada wa shirika la Traidcraft, na ombi halikufika popote. Bi wa Mtongwe, ambaye sasa ameongeza vikoi, huandika yote mawili, na jina lisilo sahihi hulitanguliza.

Kilichobaki ni Amazon, ambako mpwa wake aliyeko Dubai amejitwika kazi ya kuvipeleka vikoi. Huko ndiko baiti zilikomzidi mtu maarifa. Herufi ya kawaida kama "a" ni baiti moja. Herufi ya Kiarabu ni baiti mbili. Mpwa, akiwalenga wanunuzi wa Ghuba, aliongeza juu ya yale ya Kiswahili maneno ya Kiarabu yaliyoonekana machache, kumbe yalikula nafasi maradufu, na mwongozo wa wauzaji ulikuwa hauna huruma: ukizidisha, hakisomwi chochote, hata yale ya mwanzo. Ikabidi yapunguzwe, na kwa kuwa vikoi ni mali ya familia, mashauri yakapelekwa kwenye kundi la WhatsApp.

Mjomba wa Changamwe alitaka "Lamu" litolewe, kwa sababu anazozijua yeye. Mke wa mjomba alitaka "wanaume" litolewe, maana wanunuzi halisi wa vikoi vya wanaume ni wake zao. Mpwa alieleza kwamba neno la kwanza kuondoka ni "bora", kwa kuwa Amazon hairuhusu muuzaji ajisifu mle ndani, na isitoshe hakuna mtu anayetafuta kikoi kwa kuandika "bora".

Bi wa Mtongwe alituma sauti ya dakika nne. Alianza kwa kuwaombea dua wote, akauliza hali ya watoto, kisha akasema kwamba Amazon haijui Kiswahili, na kama haijui, itajuaje kwamba amejisifu? Wawili wakaunga mkono, mmoja akatuma picha ya kikombe cha chai. Hadi gazeti linakwenda mitamboni, "Lamu" limeshatolewa na "bora" lingali limo.